Kibao cha Kwenye Rola

Mke wangu alikuwa akipiga pasi mashuka ya hoteli kwenye mashine yenye rola mbili za moto, nene kama magogo. Juu yake wakubwa walitundika kibao chekundu: TEKELEZA KUZIMA KABLA YA KUTENDA KUFIKIA NDANI.

Mimi sikusoma sana. Kila neno pale nalijua, ila yakikaa pamoja ni kama watu waliokutana kituo cha basi, hakuna amjuaye mwenzake. Wanawake wa pale walikigeuza mchezo. "Shoga, tekeleza kunipa chumvi kabla ya kutenda kula!" Mke wangu akaja nao hadi nyumbani, watoto wakavunjika mbavu. Kibao cha hatari kikawa kichekesho, na kichekesho hakimzuii mtu. Siku shuka lilipojikunja, aliingiza mkono rola zikizunguka. Akapelekwa hospitali, hakurudi.

Mashine ikasimamishwa. Juzi nikasikia itawashwa tena, na atakayesimama pale ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Nikaenda. Sikufuata pole zao, nilitaka kibao kishuke kabla umeme haujarudi.

Meneja ni mgeni, hata salamu zetu hazijui. Kando yake alikaa binti wa kutafsiri, ndiye aliyeandika kibao. Nikamjia juu.

"Wewe binti, kwenu mtoto akisogelea moto, mama yako humwambia atekeleze?"

"Hapana, baba."

"Humwambiaje?"

"Toa mkono!" Akainamisha kichwa. "Mwanzoni niliandika, zima mashine kwanza, usitie mkono ikiwa inazunguka. Makao makuu wakairudisha. Kule kompyuta inapanga maneno yao upande mmoja, yetu upande wa pili, na kila la kwao lazima lipate mwenzake. Yasipolingana, nimekosea mimi."

"Na anayekagua anajua Kiswahili?"

"Hata kidogo. Ila muhuri ni wake."

Nikamwambia amweleze bosi wake hayo yote. Akaeleza, tena kwa kirefu kuliko mimi. Meneja akawa anaitikia kwa kichwa, kisha akapiga simu. Roho yangu ikatulia kidogo.

Kesho yake wakaniita nishuhudie. Fundi alipokifunua kibao kipya, maneno yalikuwa yale yale, herufi zimekuzwa maradufu.

"Anasema amekusikia," binti alisema bila kunitazama. "Sasa kitasomeka hata kutoka mlangoni."

Ndivyo walivyo wenye madaraka. Ukiwaambia hatuelewi, wanadhani hatuoni.

Rola zikaanza kuzunguka. Shemeji akasimama mahali pa dada yake. Mwenzake mmoja akakisoma kibao huku akimwigiza meneja, wakaangua kicheko wote, na shemeji naye. Kicheko chake na cha dada yake huwezi kuvitofautisha. Shuka la kwanza likapita. La pili likajikunja pembe, nikaona kiwiko chake kinanyanyuka.

"Shemeji, toa mkono!"

Akaruka nyuma. Meneja akauliza nimesema nini, binti akamjibu huku machozi yanamlengalenga. Jibu la meneja lilikuwa fupi: asiye mfanyakazi haruhusiwi karibu na mashine. Askari wa getini akanishika mkono, akanitoa.

Sasa nakaa ng'ambo ya barabara, nikielekea dirisha lao. Kila wakicheka, nasimama.