Umefunga Ugoro au Umenifunga Mimi?

Jumatano ya Majivu, Malineo alitoka kanisani na alama ya msalaba kwenye paji la uso na nia moja moyoni: siku arobaini bila ugoro. Sukari alishaiacha mwaka juzi, nyama mwaka jana, na kote alivuka salama. Lakini ugoro alikuwa ameuzoea tangu ujana, na safari hii alitaka kumpa Mungu kitu kinachouma.

Kila asubuhi yeye na jirani yake Mapalesa walikuwa wakiketi kwenye ukuta mfupi wa mawe kati ya nyua zao, wamejitanda mablanketi, kopo la ugoro katikati. Wakinusa, wakipiga chafya, wakiteta kijiji kizima mpaka jua lipande juu ya milima. Mapalesa alikuwa mjane, na miguu ilikuwa imeanza kumgomea.

Malineo alijijua. Akiliona kopo lile tu, kwisha habari yake. Kwa hiyo hakwenda ukutani. Alhamisi akasingizia nguo za kufua. Ijumaa akapitia mlango wa nyuma kwenda shambani. Kichwa kilimgonga na pua ikamwasha, lakini hakuanguka, naye akajipongeza kimoyomoyo.

Jumapili ya pili ya Kwaresima alimkuta Mapalesa nje ya kanisa, ameegemea fimbo.

"Umeamkaje, ausi?" Malineo akamsalimu kwa neno lao la dada.

"Unamsalimu nani? Mimi? Nilidhani siku hizi hunioni."

"Nakuona, dada yangu."

"Basi niambie nimekukosea nini. Kama ni yale niliyosema juu ya mkweo, nilikuwa natania. Ingawa kusonga ugali wa papa kweli hajui."

Kicheko kilimponyoka Malineo. "Hujanikosea. Nimefunga ugoro."

Mapalesa akamtazama sana. "Umefunga ugoro, au umenifunga mimi? Siku tisa nimekaa pale ukutani peke yangu. Hata kunguru sasa wananijua kwa jina."

Malineo akaingia kanisani. Misa yote alikaa hasikii mahubiri. Sadaka ile aliiona yake, kumbe aliyekuwa akiilipa ni mwingine.

Kesho yake alitangulia ukutani. Mapalesa akaja kwa mwendo wake wa taratibu, akakaa, akafungua kopo, akavuta ugoro polepole kwa makusudi, kisha akapiga chafya ya raha.

"Mtamu," akasema.

"Shetani mkubwa wewe," Malineo akamjibu, akashika ukingo wa blanketi kwa mikono miwili, akaanza Baba Yetu chini kwa chini. Hakuinuka. Siku zile tisa za kujificha hazikuwa kitu mbele ya saa moja ile.

Lakini aliendelea kwenda, kila siku. Na kwa kuwa mikono yake haikuwa na kazi, macho yakapata kazi. Akaona viatu vya Mapalesa havifungwi kamba, kwa sababu hawezi kuinama. Akaona ndoo ya maji inafika nusu tu. Akaanza kumfunga viatu na kumjazia ndoo, naye Mapalesa analalamika kwamba anafanywa mtoto mchanga.

Ijumaa Kuu, watu walipanda kilima kwa Njia ya Msalaba. Mapalesa hakuwa amekipanda kwa miaka miwili. Malineo akampa bega. Kila kituo walichofika, wenzao walikuwa wameshaondoka. Nyimbo wakizisikia kwa mbali huko juu. Walipofika kwenye msalaba wa kileleni, watu walikuwa wanateremka, na padri akawapungia mkono akipita.

Wakapiga magoti peke yao. Yaani Malineo alipiga. Mapalesa alikaa juu ya jiwe, akashika bega la mwenzake.

"Unaomba nini?" Mapalesa akauliza.

"Sijaanza. Nashukuru kwanza."

"Basi nishukurie na mimi," Mapalesa akasema. "Kisha uombe nguvu, maana kushuka utanibeba mgongoni."