Boda ya Murongo

Mimi nina hasira za karibu, na aliyezichokoza mwaka huu ni baba yangu, Mzee Elpidius. Alisema haozi mtoto ng'ambo, eti mpaka ni mpaka. Nami nilikuwa nimeshampenda Winston, Mganda anayeendesha bodaboda pale Murongo, na bila yeye sikuona nitaishije.

Asubuhi ukungu unapopanda kutoka Mto Kagera, pale Murongo huoni Tanzania wala Uganda. Unasikia tu pikipiki, na watu wa kwetu wanasalimia kwa Kinyambo, wa ng'ambo wanaitikia kwa Kinyankole, na wanaelewana vizuri tu. Winston alinipeleka shuleni ninakofundisha Kiingereza. Nilifumba macho mgongoni pake nikaona tunaelea, hakuna barabara, hakuna kengele ya shule. Siku hizo hata chai nilisahau kunywa.

Jioni moja nikamfuata baba shambani, anaondoa majani makavu kwenye migomba.

"Baba, boda ni nini?"

"Si pikipiki?"

"Na mwenye pikipiki naye ni boda. Lakini neno lenyewe ni la Kiingereza, ndiyo huo mpaka wako! Inasemekana kule Busia wenye baiskeli walivusha watu toka mpaka huu hadi ule, wakinadi boda, boda, mpaka likawa jina. Na Waingereza nao walilitoa kwa Wafaransa, likiwa na maana ya ukingo tu. Hata pindo la kitambaa wanaliita hivyo hivyo. Sasa wewe umewahi kukataa nguo kwa sababu ya pindo?"

Baba alicheka hadi akashikilia mgomba. "Walimu nyie mna maneno, Kokuhirwa! Haya, waje."

Usiku huo sikulala, nilitabasamu gizani kama chizi.

Wakaja Jumamosi, Winston na baba yake, Mzee Ainembabazi. Baada ya salamu, mama akatoa kikapu cha kahawa ya kutafuna, maana kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajatafuna. Mzee Ainembabazi akachukua buni moja, akaipasua, nusu akampa baba.

"Kwetu hatuanzi na buni nzima," alisema. "Babu yangu aligawana moja na rafiki yake wa upande huu. Walichanjana, wakaichovya kwenye damu, kila mtu akameza nusu yake. Rafiki huyo ni Rwezaura, wa hapa hapa Kibingo."

Baba akasimama. "Rwezaura ni babu yangu mimi!"

Jamani, kelele za nyumba ile! Wazee wawili walikumbatiana wanalia, mama anacheza na kikapu mkononi. Nami nikapiga vigelegele, mjinga mimi. Niliona mpaka umekufa, na harusi imeshakubaliwa. Nikamtazama Winston tufurahi pamoja. Winston alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia sakafu.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Omukago, udugu ule wa damu, hauishii kwa waliomeza. Watoto wao ni ndugu, na watoto wa watoto wao, na ndugu hawaoani.

"Baba," nilisema, "huyu ni mchumba wangu."

Baba akanishika mikono yote miwili, machozi bado yanamtiririka. "Ulisema kweli, mwanangu. Hapa hapajawahi kuwa na mpaka. Mimi ndiye niliyekuwa kipofu. Huyu ni wetu, ni damu yetu kabisa."

Angenifokea, ningemfokea. Ningevunja sahani, ningetoka na begi langu. Lakini sijawahi kumwona baba na furaha namna ile, na hasira yangu ikakosa pa kutua.

"Msalimie kaka yako," baba alisema, kwa upole kabisa.

Winston alikuwa amenizidi miaka miwili. Nikapiga goti mbele yake.

"Shikamoo, kaka."

Baba yake akamgusa bega.

"Marahaba," akasema.