Eda kwa Kalenda ya Wahu

Jumamosi ya kwanza baada ya eda nilipelekwa kupanda vilima vya Ngong, na nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji nguvu. Aliyeamua ni jirani yangu Wahu. Alisimama mlangoni kwangu, Noonkopir, na viatu vipya vya kupandia mlima vinavyong'aa utadhani anaenda harusini, akasema nimekaa ndani vya kutosha. Nikavaa raba za binti yangu Kafiya, nikamwacha na vitabu vyake, nikaingia garini.

Mume wangu Isaak alikuwa anauza mbuzi. Alianguka sokoni asubuhi, na kabla ya magharibi tulikuwa tumeshamzika. Tangu siku hiyo sikulia. Watu walisema nina subira. Haikuwa subira. Nilikuwa kama mguu ulioingia ganzi, unauona ni wako lakini ukiubana huusikii.

Mjane kwetu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Haolewi, haposwi, wala hatoki ila kwa dharura. Mimi sikuwa na kichwa cha kuhesabu, kwa hivyo Wahu, Mkristo wa Nyeri mwenye moyo mkubwa kuliko uangalifu wake, alinihesabia. Alitundika kalenda ya duka la mbegu jikoni kwangu, na kila asubuhi akileta maziwa alikata siku moja kwa biro nyekundu. Ya mwisho aliikata Ijumaa.

Shida yangu ilikuwa Mohamud, mdogo wake Isaak. Jumatano ya wiki hiyo alikuja kutoka Garissa pamoja na mzee mmoja, akaketi sebuleni, akasema anataka kunioa, kama desturi yetu Wasomali inavyomruhusu ndugu wa marehemu, kisha atuhamishie kwake. Si mtu mbaya. Lakini duka langu la vitambaa liko hapa Kitengela, Kafiya yuko kidato cha tatu, na mimi sikutaka. Hilo nililijua kwa akili tu, maana moyo haukuwa unanipa habari yoyote. Sikumjibu. Nilijiambia kwamba posa ndani ya eda haihesabiki, nitasema siku nyingine. Ukweli ni kwamba nilijijua. Mtu anayemwambia Wahu ndiyo kwa uchovu angeweza kumwambia Mohamud ndiyo kwa uchovu uleule.

Tulipitia Tuala na Kiserian. Langoni askari wa msitu wa kutusindikiza alitusalimu kwa Kimaasai "sopa," tukajibu "epa," na akina mama sita wa chama cha Wahu wakapiga picha kabla hata ya kupiga hatua. Vilima vya Ngong vina ujeuri. Unapanda kimoja ukidhani umefika, kumbe kingine kimejificha nyuma yake. Wenzangu walilalamikia magoti na upepo. Mimi sikulalamika, Wahu akanisifu kwamba nina pumzi. Nilikuwa na lengelenge lililopasuka, niliona damu kwenye soksi, nikaendelea kutembea. Walinionyesha Bonde la Ufa upande wa chini wakasema ni maridadi. Nikatazama. Lilikuwa bonde.

Kilima cha tatu tuliketi nyuma ya mwamba kula chapati. Simu yangu ikalia. Alikuwa Kafiya, akizungumza kwa sauti ya chini.

"Mama, adeer Mohamud amekuja na lori. Wameshapakia kabati na cherehani. Anasema ulikubali."

Hapo nilihisi kitu kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne. Ilikuwa hofu. Nikamwambia ampe amu yake simu.

Mohamud aliongea taratibu. Alisema eda yangu iliisha Jumatatu, kwa kuwa yeye alihesabu kwa mwezi mwandamo inavyotakiwa, si kwa kalenda ya ukutani. Jumatano alinikuta huru, akaniuliza mbele ya mzee, nami nikanyamaza. Kimya hicho alikichukua kuwa jibu.

Nikahesabu kwa vidole. Alikuwa sahihi. Miezi ya mwandamo ni mifupi, na Wahu alikuwa ameniongezea siku nne. Nilikuwa huru nikijidhani nimefungwa, na nilinyamaza pale nilipotakiwa kusema. Lakini kimya ni ruhusa ya msichana ambaye hajawahi kuolewa. Mjane lazima atamke kwa mdomo wake. Hilo hata Mohamud alilijua.

Nikamwambia sijakubali. Upepo ukayameza maneno. Akauliza nimesema nini, nikarudia, hakusikia, au hakutaka kusikia. Nikasimama, nikaziba sikio moja, nikapaza sauti kwa Kisomali mpaka askari akageuka.

"Mohamud, sikutaki. Sihami. Rudisha vitu vyangu ndani."

Kisha nikamsikia akiwaambia wapakizi washushe kabati. Aliporudi kwenye simu hakuwa na hasira, alikuwa na aibu. Alisema nilipaswa kumwambia Jumatano. Nikamwambia ndiyo, nilipaswa.

Wahu alitaka kujua ni nini. Nilipomweleza habari ya mwezi na kalenda yake, akaweka chapati chini.

"Mama Kafiya, yaani nimekaribia kukuoza kwa biro?"

Nilidhani atacheka. Akaanza kulia. Alilia kwa kosa lake kwanza, halafu akataja jina la Isaak, jinsi marehemu alivyokuwa akimletea supu wakati yeye Wahu alipovunjika mguu, na hapo akashindwa kabisa kujizuia. Nikamshika mabega. Wale akina mama wakaja mbio, wakadhani anayelia ni mimi, wakaninyooshea leso zao. Nilizipokea zote nikampa Wahu. Nilimwonea wivu. Alikuwa anamlilia mume wangu, nami nilikuwa nimeshika bega lake, macho makavu, nikingoja zamu yangu.