Siku Tano za Wendell

Mimi ndiye niliyezijaza siku tano za Wendell Brekke, na kwa wiki mbili nzima nilikaa kimya kama vile hayanihusu.

Wendell ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huku kwetu Wisconsin, Marekani, amefiwa na mke, ameacha pombe. Alikuwa kwenye utafiti wetu wa kuzuia watu wasirudie ulevi. Kila jioni alituma kwa simu namba moja, sifuri hadi kumi: leo hamu ya pombe imemkaba kiasi gani. Mimi nachora namba hizo ziwe mstari, siku baada ya siku. Mshauri wake, Doreen, huutazama kila Jumatatu na kuamua nani wa kumpigia simu.

Januari, kuanzia Jumatano hadi Jumapili, Wendell hakutuma kitu. Mapengo yanavuruga hesabu. Nikafanya tufanyavyo sote kwenye kazi hii: nikachukua wastani wa siku zake zilizotangulia, nikaziba. Tatu, tatu, tatu. Mstari ukapendeza kweli. Jumatatu Doreen akauona umetulia, akampigia mtu mwingine.

Kesho yake asubuhi Wendell alikutwa ndani ya gari lake mtaroni, amelewa, baridi ya theluji imeshamla vidole vinne vya mkono wa kulia.

Doreen alijilaumu mpaka akakonda. Kikaoni alisema hajui tena kusoma mstari, kwa hiyo atajiuzulu. Wenzetu wakambembeleza. Mimi nilikoroga kahawa isiyo na sukari. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Doreen akaniomba nimpeleke hospitali akamwombe Wendell radhi. Sikuwa na uso wa kukataa.

Wendell hakumwacha amalize.

"Sikusahau kutuma, Doreen. Niliacha makusudi. Kusema nimeshindwa niliona aibu, nikajua nikinyamaza tu utanitafuta."

"Lakini hukunyamaza, baba. Namba zako niliziona."

"Namba gani?"

Doreen akanigeukia.

"Nilizijaza mimi," nikasema. "Doreen, wewe hukukosea kusoma. Wendell, nilikuandikia tatu. Siku zote tano."

Wendell aliutazama mkono wake uliofungwa bendeji.

"Tatu," akasema. "Na mimi nimekaa na simu mapajani, nangoja ilie."