Mzigo Haujawahi Kulala

Kaka yangu Koome anafanya kazi ofisini Embu, kwa hivyo nyumbani kwetu neno lake halipingwi. Jumatatu jioni, akiwa nyumbani likizoni, nilimwonyesha ukurasa wangu wa mtandaoni, ule ambao waajiri hupitia wakitafuta watu. Alipofika mahali nilipoandika kwamba nasimamia kibanda cha kufunga miraa hapa mjini Laare, akaguna.

"Kawira, nani ataajiri mtu wa miraa? Toa hiyo."

Nikatoa, kwa sababu hata mimi nilikuwa naionea haya. Kanisani mimi husema tu nafanya biashara. Miaka minne ya kazi nikaifuta kwa kidole, nikaweka maneno ya Koome: mtaalamu wa mawasiliano, kiongozi mwenye maono. Nikajiona msomi.

Alhamisi asubuhi, wafungaji wakiviringisha miraa kwa majani ya migomba na pikapu ikinguruma nje, simu ikalia. Alikuwa Susan, wa kampuni moja ya Embu inayouza avokado ng'ambo.

"Madam, Jumatatu asubuhi nilisoma kwako kwamba kwa miaka minne mzigo wako haujawahi kulala kwa kukosa gari hata siku moja. Nikamwambia bosi nimepata mtu. Leo nafungua nimwonyeshe, hakuna miraa, hakuna Laare. Sasa anauliza ulidanganya lini, ile siku ama leo."

Kazi niliyoililia mwaka mzima ilikuwa imekuja yenyewe, na mimi ndiye niliyeifungia mlango. Nilitamani kumzaba Koome kibao, kisha nijizabe mwenyewe.

"Kuna mtu anaweza kukushuhudilia?" Susan akauliza.

Aliyekuwa karibu ni Ciakuthii, mfungaji wetu wa miaka mingi, ambaye ulimi wake humwogopesha hata dereva. Nikampa simu. Alisikiliza amekunja uso.

"Eeh, ni huyu anatupigianga kelele kila asubuhi. Mzigo haijawai achwa na gari. Lakini wewe mama, mbona unauliza? Unataka kumchukua?" Akanitupia jicho. "Hapana. Huyu hatupeani. Akienda, mzigo italala."

Akakata simu, akanirudishia, akaendelea kufunga. Nilijua yameisha.

Kisha ujumbe wa Susan ukaingia. Niliusoma mara tatu: "Njoo Embu Jumatatu. Na urudishe ile ya miraa."

Nikaketi juu ya majani ya migomba. Sikujua nitamwambiaje Ciakuthii.