Picha ya Figo Mbili

Picha ile mama aliitia fremu, akaitundika sebuleni juu ya kiti cha kaka, pale ambapo nyumba nyingine huweka picha ya harusi. Ilionyesha figo mbili za panya, zimekatwa vipande na kukuzwa mpaka zikafanana na ramani. Ya kushoto ilijaa buluu, ya kulia ilikuwa nyekundu, safi. Buluu ndiyo makovu. Kila mgeni alishafundishwa hivyo, na kila aliyefundishwa aligeuka kumtazama Profesa kwa heshima.

Hakuwa profesa. Alikuwa mtafiti wa maabara, na kazi yake ilikuwa kuunganisha peptidi, vijipande vya protini vya kutengenezwa, vinavyozuia makovu yasiote kwenye figo. Jina alipachikwa na kaka yake, mwalimu wa udereva ambaye figo zilimchoka mapema, na ambaye mashine ya kumsafisha damu aliiita mke wake wa pili. "Hataki nichelewe," alizoea kusema, "na akinishika haniachii."

Siku hospitali ilipoomba ndugu waje wapimwe, apatikane wa kumtolea mgonjwa figo moja, ndiyo siku Profesa alipoleta picha. Ndugu wenyewe walikuwa wawili tu, kaka na yeye, dada yake.

"Ya nini kukatana visu?" alisema siku hiyo. "Dawa yetu iko njiani."

Mama alipiga vigelegele. Sifa ni tamu, naye Profesa alizilamba mpaka vidole.

Leo alikuja kuwajulia hali. Alimkuta kaka ameinua miguu iliyovimba juu ya kigoda, uso unacheka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Profesa! Nimemalizana na wale madaktari. Nimewaambia upandikizaji siutaki, wasimsumbue mtu. Tunangoja ya kwetu."

Profesa aliishusha glasi ya maji aliyokuwa akinywa. Aibu ilimchoma masikio. Aliitazama picha, akatazama ile miguu, akaona hana tena pa kukimbilia.

"Kaka, yule panya wa kulia tulimdunga dawa kabla hatujaziumiza figo zake."

"Kabla?"

"Kabla. Dawa inazuia kovu lisiote. Likishaota, haiwezi kulifuta. Na nilijua siku ile ile nilipoileta picha."

"Basi panya kanizidi kwa kuwahi foleni," alisema kaka, akacheka kicheko kifupi kisichofika machoni.

Profesa alingoja atukanwe. Tusi lingemfaa, maana mtu akitukanwa hupata cha kujibu. Halikuja.

"Niliogopa kisu," alisema mwishowe.

"Najua. Daktari alipokuwa anaeleza, wewe ulijishika ubavu. Nilikuona. Nikasema moyoni, nikiikubali hiyo dawa yako, hutalazimika kukataa mbele ya mama."

"Kumbe hukuniamini?"

"Nilikuamini kidogo. Mgonjwa haachi kuamini kidogo."

Profesa aliinamisha kichwa. Muda wote alidhani kaka amedanganyika. Kumbe yeye Profesa ndiye aliyejificha ndani ya uongo wake mwenyewe, na aliyemshikia mlango usifunguliwe ni yule yule aliyekuwa akifa kwa ajili yake. Hakujua auweke wapi uso.

Mama aliingia kutoka jikoni, kitambaa mkononi. Alipanda juu ya kigoda kingine, akaanza kufuta kioo cha picha taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

"Hii safi ndiyo mwanangu," alisema, akigusa figo ya kulia. "Au siyo, Profesa? Mwakani si atakuwa hivi?"

Kaka alimkonyeza dada yake: nyamaza. Alimkonyeza tena.

Profesa aliweka glasi chini.

"Mama, shuka kwanza. Njoo ukae hapa karibu yangu."

Mama alishuka, akakaa, kitambaa bado mkononi, akitabasamu kama mtu anayengoja habari njema.