Mboni Yuko Kazini

Mwanangu Mboni alirudi nyumbani Mchinga mwezi wa pili, na ilipofika mwezi wa nne akaanza kwenda Lindi mjini kila asubuhi kukodi kiti. Nasema kiti. Cha kukalia. Nyumbani tunavyo vinne, viwili vina mito niliyoshona mwenyewe, na barazani kuna mkeka na upepo wa bure. Yeye anapanda Hiace ya mapema, anakwenda kumlipa mtu ili akae.

Mara ya kwanza nilimuuliza nikicheka. Mara ya pili sikucheka.

"Mama, ile ni ofisi ya pamoja," akasema. "Kuna meza, kuna mtandao, kuna utulivu. Kila mtu anakuja na kazi yake."

"Na bosi wenu nani?"

"Hatuna bosi mmoja. Kila mtu na wake. Wengine hawana kabisa."

Nikamwacha, maana kichwa kilishaanza kuniuma.

Kazi yenyewe nitaieleza kama ninavyoijua, yaani kidogo. Kampuni yake iko Dar es Salaam, inauza vitu kwa simu, na Mboni anawajibu wateja wenye malalamiko. Anawajibu kwa kompyuta, kwa sauti ya upole ambayo mimi mama yake sijawahi kuisikia. Walimruhusu kufanyia kazi huku kwetu kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwisho wake msimamizi wake, mtu anayeitwa Damiani, angemhoji kwa video na kumsikiliza anavyozungumza na wateja. Akifaulu, anabaki Mchinga na kazi yake. Akishindwa, anarudi ofisini Dar.

Mimi nilitaka abaki, sitazunguka. Nimezaa wanne, watatu wako mbali na wananikumbuka sikukuu kwa sikukuu. Baba yao ana mwaka wa tatu tangu afariki, na nilikuwa nimefikia mahali pa kuongea na kuku. Mboni aliporudi nilinenepa, majirani ni mashahidi.

Kwa hiyo kila jioni nilimdodosa, nipate walau pa kushika.

"Mko wangapi humo?"

"Wanane."

"Wanane mnafanya kazi chumba kimoja? Nani amewaita?"

"Hakuna aliyetuita, mama. Tunakuja tu."

"Anayefika wa kwanza nani?"

"Mimi. Hiace yetu inawahi."

"Na mchana mnakula nini?"

"Mimi huwa sili. Wengine sijui."

Hapo moyo ukanifa ganzi. Kwetu mtu ambaye shamba limemzidi nguvu hualika wenzake. Mwenye kazi ndiye hufika wa kwanza, kwa sababu ni aibu walioitwa wamsubiri. Watu wanalima mpaka jua linapokuwa kali, kisha wanakula chakula chake. Wakishakula, wiki inayofuata zamu ni ya mwingine, na yeye atakwenda kwake na jembe lake. Hakuna anayeandika popote. Chakula ndiyo ahadi yenyewe. Mtu akialika watu halafu asiwapikie, watalila jina lake badala ya wali.

Na mwanangu anafika wa kwanza, watu saba wanamfuata, wanafanya kazi naye mchana kutwa, na hawalishi. Mwezi mzima! Nilijisemea ndiyo maana anarudi na uso wa wasiwasi, wenzake watakuwa wameanza kununa. Dar es Salaam imemsahaulisha kila kitu.

Sikumwambia. Jumatano alipoondoka nilikuna nazi tatu, nikapika wali na mbaazi, nikakaanga samaki aina ya changu, nikajaza hotipoti mbili kubwa. Konda wa Hiace alinipakatia moja mpaka Lindi huku anameza mate.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya zamani, iliwahi kuwa duka la vitambaa. Nikaingia na mizigo yangu, na hapo sijui hata nielezeje. Watu wameinamia kompyuta, kila mmoja na meza yake, masikio wameyaziba, hakuna anayesema na mwenzake. Hata wimbo hakuna. Nimeona watu wakilima, nimeona watu wakibangua korosho, nimeona wanaoponda kokoto. Sijawahi kuona watu wakifanya kazi pamoja kimya namna ile. Nilidhani wamegombana.

Lakini huwezi kuingia kwa watu walio kazini usiwape pole.

"Hodi! Poleni na kazi jamani!"

Vichwa vikainuka. Kijana mmoja akanong'ona, "Tumeshapoa mama, shikamoo." Nikatua hotipoti sakafuni, nikaanza kupita meza kwa meza kuwapa mkono. Msichana mmoja akanijia mbio kwa ncha za vidole. Huyo ndiye Dativa, mwenye ofisi, anayekodisha viti.

"Shikamoo mama. Samahani, humu hatuongei kwa sauti."

"Marahaba mwanangu. Sasa msipoongea, mtu akichoka mnajuaje?"

Nikamuuliza Mboni yuko wapi. Macho yake yalikwenda kwenye kibanda cha vioo pale konani, nami nikayafuata. Mwanangu alikuwa ndani, amevaa gauni lake la Idi, anaitabasamia kompyuta.

"Mama, tafadhali usi..." Dativa akasema. Nilishafungua.

"Mboni! Chakula cha watu wako nimeleta!"

Kwenye kompyuta kulikuwa na mwanamume mwenye miwani. Akanitazama. Nami nimelelewa, siwezi kutazamwa na mtu nikamnyamazia. Nikamsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani, nikamuuliza na watoto, nikamuuliza kama ameshakula. Mtu wa watu alijibu yote. Watoto wake hawajambo.

Mboni alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mahojiano yalikuwa siku ile. Yeye hakuniambia asije akanitia hofu, na mimi sikumwambia nakuja ili nimfurahishe. Huyo Damiani alisema atarudia Jumamosi saa tatu asubuhi, mara ya mwisho, na Mboni atafute mahali patulivu kweli. Kama hapapatikani, basi ofisi ya Dar ipo.

"Umeniharibia, mama," Mboni akaniambia nje. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya.

Wale wenzake walikuwa wameshakaa uani na sahani zao, maana harufu ya changu haijui sheria za ofisi. Yule kijana aliyenipa shikamoo anaitwa Lukas, mzaliwa wa Kikole, mkoa huu huu wetu wa Lindi. Alikula sahani ya kwanza, akala ya pili, kisha akaniangalia na kijiko kikabaki hewani.

"Mama, hiki ni cha kualikana?"

"Ndicho. Si mnamsaidia Mboni kazi?"

"Hatumsaidii. Mimi nachora ramani za nyumba za watu wa Dodoma."

"Mimi nauza nguo mtandaoni," akasema binti aitwaye Grace.

"Nafundisha hesabu watoto walioko Nairobi," akasema wa tatu, Ignatius, mwenye tai.

Yaani kila mtu na shamba lake, mashamba yenyewe yako Dodoma na Nairobi, na wakulima wamejazana chumba kimoja Lindi hawasemeshani. Nikawauliza kwa nini basi wasikae makwao bure.

"Nyumbani nikikaa na kompyuta, mama, wananiona nimekaa tu," Grace akasema. Wote wakacheka, hata Dativa. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Lukas alitazama sahani yake nyeupe. "Na tumeshakula," akasema.

"Mmeshakula," nikamwambia. Nilikuwa nimechanganyikiwa, lakini si kiasi cha kuliacha hilo lipite. Mikorosho yangu ilikuwa imemezwa na majani na msimu wa kupulizia dawa ya salfa unakaribia. Nikawaambia waje Jumamosi na majembe.

Ijumaa jioni Mboni alirudi na kifaa kidogo cheupe. Ofisi Jumamosi ilikuwa imekodishwa kwa semina, hivyo Dativa alikuwa amemwazima kifaa cha mtandao afanyie mahojiano nyumbani. Akakiweka dirishani kwake, kikawaka taa, akafungua kompyuta, mtandao ukaja bila matatizo.

"Kumbe hapa upo!" nikasema. "Kifaa kama hicho si ungenunua siku ya kwanza? Kiti cha Lindi cha nini?"

Akaifunga kompyuta.

"Mama, Lindi sikufuata mtandao. Nilikukimbia wewe."

Nikamwambia arudie, labda sikumwelewa. Akarudia. Akasema siku moja, kabla hajaanza kwenda Lindi, alikuwa na mteja analia kwenye simu, na mimi nikamwita mara kumi na moja kabla ya adhuhuri. Achote maji. Afukuze kuku. Amsomee Bi Samia wa jirani ujumbe wa mkwewe. Ampokee mtoto wa Bi Samia. Aangalie kama maji yamechemka, yale aliyochota.

"Nikiwa na jembe hunitumi," akasema. "Unaniona nafanya kazi. Nikikaa na kompyuta unaniona nimekaa. Kule Lindi nalipia kitu kimoja tu, mama. Nalipia nisiitwe."

Nilikasirika. Mtu analipa ili asiwe mwanangu mpaka jioni! Nilitoka nje nikazunguka nyumba nikitafuta wa kumgombeza, nikakuta ndoo ya maji iko mlangoni pake, mahali ninapoiweka kila asubuhi ili aione. Nikasimama nayo pale muda mrefu. Sikuelewa kazi yake, na hadi leo siielewi. Ndoo niliielewa.

Jumamosi saa tatu kasoro alijifungia chumbani. Nikatandika mkeka mbele ya mlango wake, nikakaa. Kuku nilikuwa nimewafungia wote.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Samia na simu yake mkononi.

"Mboni yupo?"

"Hayupo," nikanong'ona.

"Viatu vyake hivi hapa."

"Vyangu."

Akatazama miguu yangu, akatazama vile viatu vyenye kisigino, akatikisa kichwa akaenda zake. Najua amekwenda kueneza kwamba nimeanza kuchanganyikiwa, na sikuwa na cha kumpinga.

Ndani nilisikia ile sauti ya upole. "Pole sana, dada. Hebu nieleze ilivyokuwa." Nilijikuta namhurumia huyo dada na mimi.

Mara nikawaona wanakuja, Lukas mbele na jembe begani, Grace nyuma yake, na Ignatius bila tai, amebeba jembe la kuazima kama amebebeshwa mtoto wa watu. Lukas akafungua mdomo wake mkubwa tangu barabarani.

"Hodi wenyewe! Mama shikamoo!"

Nikaweka kidole mdomoni.

"Shikamoo mama!" akasema Grace, akidhani sikusikia.

Nina miaka sitini na mbili na sijawahi kuiacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini. Shikamoo zao ziliniwasha mwili mzima. Nikawashika mikono bila kusema, nikawavuta mmoja mmoja kwa nyuma ya nyumba, tukapita banda la kuku, tukapita choo, mpaka kwenye mikorosho. Hapo ndipo nikavuta pumzi.

"Marahaba. Marahaba. Na wewe marahaba."

"Kulikoni mama?" Lukas akauliza. "Mboni yuko wapi?"

"Yuko kazini," nikasema, na safari hii sikucheka.

Nikawaonyesha pa kuanzia, nikarudi kwenye mkeka wangu. Nilikaa pale mpaka sauti ya Mboni ikakatika. Nikasubiri. Kiti kikasogea. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa uso utakaotokea kwenye ule mlango. Nikaokota jembe nikakimbilia shambani kama mwizi.

Wageni wangu walikuwa wanalima bila kusemeshana, kila mmoja na mstari wake. Mazoea. Nikawaambia hapa ruhusa kuongea. Nilikata majani, nikakata na mche mmoja wa mbaazi usio na kosa.

Mboni akatokea jua likiwa limeshapanda. Alikuwa amevaa kanga na viatu vyake vya kisigino, vile vya mlangoni, hakuwa hata amekumbuka kutafuta ndala.

"Wamesema nibaki," akasema.

"Ubaki wapi?"

"Hapa, mama. Mchinga. Ila Jumatatu narudi kwenye kiti changu cha Lindi."

Mtandao upo dirishani, mlango nimeulinda mwenyewe, kuku wamefungwa, na bado anakwenda kukodi kiti. Sikulielewa hilo hata kidogo. Nikasema sawa. Nikasema sawa mara nyingi kuliko ilivyohitajika, huku najifuta macho kwa mkono wenye udongo, na Lukas akajifanya anaangalia jembe lake.

Watu walikuwa wanatweta. Ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa tupu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, miaka yote ile ikiusukuma: "Mboni, hebu..."

Nikaufunga. Nikaiokota ndoo, nikaanza kwenda.

Akanifuata, akashika mshikio.

"Mama," akasema. "Nimeshatoka kazini. Nitume."